Chipsi Zisizoliwa

Ukitaja chipsi hapa mjini, kila mtu anaona kitu kimoja kichwani: karai, mafuta yanayochemka, viazi, na yule kijana wa kona anayekuuliza, "Kavu au mayai, dada?" Sasa mwezi huu tuongelee chipsi nyingine kabisa. Haziliwi, haziendi na kachumbari, lakini nazo zinatiwa mafuta. Ni vile visahani vidogo vya mviringo vya kuchezea poka, ile karata ya Wamarekani, na hasa zile zilizotengenezwa kwa udongo.

Najua kuna msomaji ameshaguna. "Mhariri naye kaishiwa!" Subiri kwanza, shosti. Kuna nyumba moja Texas ambayo mume na mke walikaa wiki nzima wanaongea kwa "ndiyo" na "hapana" tu, sababu ni chipsi 20 zilizosafishwa vizuri sana. Tutafika huko. Lakini huwezi kuelewa ugomvi wao kama hujui kitu chenyewe kimetengenezwaje, kwa hiyo vumilia kidogo.

Chipsi ya poka inasimama badala ya pesa mezani. Karne ya 19 wacheza karata wa Marekani waliweka mezani walichokuwa nacho: sarafu, vumbi la dhahabu, vipande vya mfupa au vya pembe za ndovu. Kuelekea mwisho wa karne hiyo zikashika soko chipsi za udongo uliochanganywa na vitu vingine vya kuushikilia. Usifikirie chungu, maana hazichomwi kwenye tanuri. Mchanganyiko unawekwa kwenye kalibu ya chuma, unabanwa kwa nguvu nyingi na joto, unatoka mgumu. Yale madoa ya rangi unayoyaona pembeni si rangi ya kupaka. Vipande vinakatwa kwenye ukingo, vinaingizwa vya rangi nyingine, halafu vyote vinabanwa pamoja vinakuwa mwili mmoja. Ndiyo maana hata chipsi ikisuguliwa miaka 30 bado ile rangi ipo, iko ndani kwa ndani.

Kasino nyingi za Marekani zimezitumia kwa miaka mingi. Jina ambalo wapenzi wa vitu hivi wanaliapia ni Paulson, kutoka kampuni ya Paul-Son iliyoanza Las Vegas mwaka 1963, ikaungana na Wafaransa mwaka 2002, na mwaka 2019 ikanunuliwa na Wajapani. Chipsi moja ya udongo ina upana wa milimita 39 hivi na uzito usiofika mbali, gramu nane mpaka kumi.

Hapo kwenye uzito wengi wanapigwa. Mwaka 2003 mhasibu mmoja wa Tennessee, Chris Moneymaker (ndiyo, hilo ni jina lake la kweli, siyo la kisanii), alishinda mashindano makubwa ya poka Las Vegas na kuondoka na dola milioni 2.5. Nafasi ya kuingia alikuwa ameipata kwa kucheza kwenye intaneti kwa pesa kiduchu. Marekani nzima ikapagawa. Kila baba mwenye meza ya jikoni akawa mcheza poka wa Ijumaa, na masanduku ya aluminiamu yenye chipsi yakawa zawadi ya Krismasi. Huenda hata wewe umewahi kuliona moja kwa ndugu aliyerudi kutoka huko. Chipsi zake nyingi ni plastiki yenye kipande cha chuma ndani ili ziwe nzito mkononi, na muuzaji anakuapia kuwa ni udongo. Jaribu sumaku, mara nyingi inashika. Halafu sikiliza. Plastiki ukizigonganisha zinalia kama vifuniko vya chupa. Udongo unalia chini chini, kavu, na ukiupitishia kidole unahisi kama umeshika chaki.

Za kweli hazipatikani ovyo. Watengenezaji wakubwa wanauzia kasino, hawauzii mimi na wewe. Nyingine zinatoka kasino inapofungwa, wenye kupenda wananunua moja moja, mara nyingi kwa zaidi ya dola moja kila moja. Seti ya 500, piga hesabu mwenyewe. Ndiyo maana nikisikia mke analalamika kwamba mume amenunua "vifuniko" kwa pesa ya kodi ya nyumba, kwanza nauliza alinunua ngapi.

Na ujue, chipsi haikuwa pesa kamwe. Desemba 2010 jamaa mmoja aliingia kasino ya Bellagio, Las Vegas, alfajiri, helmeti ya pikipiki kichwani na bastola mkononi, akatoka na chipsi za dola milioni 1.5. Utajiri? Wapi! Kasino ikatangaza kwamba chipsi zake za dola 25,000 za toleo lile zinasitishwa, mwenye nazo kihalali ajitokeze kuzibadilisha kabla ya Aprili 2011 haijaisha, baada ya hapo ni udongo mtupu. Jamaa akakamatwa akihangaika kuziuza. Thamani ya chipsi ni makubaliano ya waliokaa mezani, na wakivunja makubaliano umebaki na visahani mkononi. (Hapa kwetu kasino zipo, na ipo Bodi ya Michezo ya Kubahatisha iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003 kuzisimamia. Kama unajijua mkono wako hauna breki, tafadhali ukurasa huu usiwe kisingizio.)

Haya, sasa usafi.

Chipsi iliyotumika ni chafu kwa namna ambayo ukiijua utanawa mikono. Kuna jasho, mafuta ya vidole, moshi wa sigara, bia, na yule bwana anayekula mbawa za kuku huku anacheza. Udongo una matundu madogo madogo, basi uchafu unakaa humo unakauka. Ukinunua chipsi za kasino iliyofungwa unaweza kukuta nyekundu imekuwa ya kahawia na pembeni kuna utando unaonata.

Dawa yake ni ndogo kuliko unavyofikiria. Maji ya uvuguvugu, tone la sabuni ya kuoshea vyombo, na mswaki laini. Shika chache, tuseme kumi, maana ukitumbukiza 500 kwa pamoja zitalowa kabla hujafikia nusu. Sugua uso, geuza, halafu zungusha ukingo polepole chini ya mswaki, kwenye ukingo ndiko uchafu mwingi uliko. Katikati, kama kuna kijikaratasi chenye jina la kasino, pita juu juu tu. Suuza, kausha kwa taulo hapo hapo, zilaze bapa juu ya kitambaa zipate hewa. Usizianike juani. Ukitumia dakika moja tu kwa kila chipsi, 500 ni zaidi ya saa nane, kwa hiyo tafuta tamthilia ndefu.

Usitumie maji ya moto, yanazipinda, na chipsi iliyopinda inazunguka mezani kama pia. Kwa sababu hiyo hiyo mashine ya kuoshea vyombo ni marufuku, hata kama umechoka kiasi gani. Usitumie dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe, wala thina, wala petroli. Kuna wanaosifia ile sponji nyeupe ya melamini inayofuta kuta. Inafanya kazi kweli, lakini inafanya kazi kwa kukwangua. Kila ukipitisha unaondoka na udongo kidogo, na ukingo uliokuwa mkali unazidi kuwa wa duara. Mimi ningeiacha dukani.

Sasa twende Texas.

Ni rafiki yangu tuliyesoma naye Mlimani. Jina simtaji, maana shemeji, Mmarekani, anajifunza Kiswahili kwenye simu na siku hizi anaelewa zaidi ya tunavyodhani. Baba mkwe wake alikuwa mtu wa poka ya nyumbani. Kila Alhamisi majirani wanakuja, kila mmoja na dola zake 20, wanacheza mpaka usiku. Huko sheria inaruhusu wakicheza faragha, ilimradi mwenye nyumba hakati chochote mezani. Mzee alikuwa na sanduku la mbao la chipsi 300 za udongo alizoagiza kwa posta miaka ya 1970. Nyeupe, nyekundu na bluu, na katikati ya kila moja herufi mbili za jina lake kwa rangi ya dhahabu. Ndivyo ilivyokuwa fasheni kwa wacheza poka wa nyumbani, kugongewa herufi zako.

Mzee akafariki. Sanduku likaja nyumbani kwa mwanae, likakaa kabatini miaka miwili. Shosti wangu akilifungua anakuta harufu ya sigara na chipsi zenye utando wa manjano. Akapata wazo. Birthday ya mume inakaribia, atazisafisha zote, atampa sanduku linalong'aa. Akajifunza namna ya kufanya, na kwa kweli alijifunza vizuri, kila nilichokuandikia hapo juu alikifuata. Mswaki laini, maji ya uvuguvugu, kumi kumi. Akaanza na 20 za bluu. Utando ukatoka, bluu ikatokea kama kitenge kipya. Kisha akaangalia ndani ya beseni, akaona vipande vidogo vya dhahabu vinaelea.

Hapa ndipo ule utengenezaji nilioueleza unapoingia. Rangi ya chipsi iko ndani ya udongo, haitoki. Maandishi ya dhahabu, hapana. Yale ni karatasi nyembamba ya rangi iliyogongwa kwa joto juu ya chipsi iliyokwisha kutengenezwa, imekaa juu juu. Kwa hiyo maelekezo yanayofaa kwa chipsi za kasino ni sumu kwa chipsi za herufi. Hizo hazipigwi mswaki wala hazilowekwi. Zinapanguswa ukingoni kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, na katikati haziguswi.

Katika 20, herufi zilikuwa zimetoka kwenye 13. Jioni mume akarudi, akaziona zimepangwa juu ya taulo. Akachukua moja, akaigeuza, akaigeuza tena. Akasema, "Zimekuwa nzuri." Halafu akatoka kwenda kukata majani uani, majani aliyoyakata juzi yake.

"Shosti, bora angefoka," aliniandikia. Wiki nzima. Chumvi ipo? Ndiyo. Umelipa umeme? Ndiyo. Unaumwa? Hapana.

Nilipowasimulia wenzangu ofisini wakagawanyika mara moja. Wa kwanza wakasema angemwuliza kwanza. Sawa, lakini sapraizi inayoombewa ruhusa ni sapraizi gani? Wa pili wakasema mwanaume mzima ananunaje kwa sababu ya herufi mbili, si akagongeshe nyingine. Hao siwaelewi kabisa. Herufi zinaweza kugongwa upya, ndiyo, lakini hazitakuwa zile ambazo mzee alizishika kila Alhamisi kwa miaka 40.

Mimi nina neno na shemeji, na akilisoma hapa na alisome. Ndoa yao ina miaka sita. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kumsimulia mkewe hata Alhamisi moja. Hakumwambia nani alikaa kiti gani, nani alikuwa mwongo, mama alipika nini, yeye mwenyewe akiwa mtoto aliruhusiwa kukaa mpaka saa ngapi. Mke aliona sanduku chafu kabatini kwa sababu hicho ndicho kilichoonekana. Mtu akinyamaza kuhusu kitu chake cha thamani, mwenzake atakisafisha tu. Wanaume wa huku nao wamo, msijifiche nyuma ya Texas. Redio ya marehemu babu iliyofunikwa na kitambaa sebuleni, umewahi kumweleza mkeo ni ya nini, au unasubiri aiuze kwa wauza vyuma chakavu ndipo ulie?

Turudi kwenye mafuta, maana mafuta ndiyo yaliyowakalisha meza moja.

Chipsi ya udongo ikishaoshwa na kukauka inapauka. Mwafrika haitaji kuelezwa hili mara mbili. Angalia goti la mtoto aliyetoka kuoga akakaushwa bila kupakwa mafuta. Rangi ya ngozi haijaenda popote, ila juu kuna ukavu unaotawanya mwanga na wewe unaona kijivu. Pitisha mafuta, goti linarudi. Chipsi ni vile vile kabisa. Mafuta yanajaza yale matundu madogo, mwanga hautawanyiki tena, na nyeusi inakuwa nyeusi ya kweli. Hata chipsi mpya kutoka kiwandani huwa na vumbi jeupe, na wengi huzipaka kabla ya kuzitumia.

Mafuta gani? Siyo ya kupikia, tafadhali. Alizeti, korie, hata ya nazi tunayoyapenda, yote yatachacha siku moja, na chipsi zitanuka na kunata kuliko zilivyokuwa. Yanayotumika ni yale yasiyo na rangi wala harufu yanayotokana na petroli, yanauzwa kwenye maduka ya dawa. Bebi oili ni hayo hayo yaliyotiwa manukato. Inafanya kazi, ila meza yako itanukia kliniki ya watoto. Vaselini inatoka ukoo huo huo lakini ni nzito, inajikusanya kwenye mikwaruzo, mimi siipendekezi.

Kiasi ndiyo mtihani. Watu wanadhani kwa kuwa kidogo ni kizuri, kingi ni kizuri zaidi. Matone machache kwenye kitambaa laini, siyo kwenye chipsi. Pangusa pande zote na ukingo mpaka rangi ibadilike, ndiyo hapo hapo uache. Zilaze juu ya karatasi za kufutia jikoni usiku kucha. Asubuhi zipanguse tena kwa kitambaa kikavu, na kesho yake tena kama bado zinatoa mafuta. Chipsi iliyozidishiwa inateleza, ukizipanga 20 zinaporomoka, na karata za watu zinapata madoa. Mtu akiniuliza mara ngapi kwa mwaka, namjibu: zikipauka. Kama hazijapauka ziache zipumzike.

Ile wiki ya ukimya ilikatika Jumapili. Zile 20 za bluu zilikuwa zimekauka zikawa kama zimemwagiwa majivu. Shemeji akaja mezani na kitambaa na chupa ya mafuta, akakaa. Hakusema kitu. Akapaka moja, akamsogezea mkewe ya pili. Kufika ya tano akasema kwamba baba yake alikuwa anadanganya kwa kuwagongagonga chipsi za bluu kila alipokuwa na karata mbovu, na watu wote mezani walijua, na hakuna aliyemwambia kwa miaka yote ile. Shosti anasema walimaliza saa saba usiku. Chipsi 20!

Zile 280 zilizobaki hazikuguswa na maji. Alhamisi wameirudisha, wanakuja majirani wawili na mhudumu mmoja wa kanisa anayekula karanga zote. Nyeupe ni senti 25, nyekundu dola moja, bluu dola tano. Hizo 20 zilizooshwa ndizo wanazozitumia, zenye herufi na zisizo na herufi, zimechanganywa. Za bluu nyingine hazitoki sandukuni.

La mwisho, maana najua mtauliza. Chipsi nyeupe na zile za rangi ya maziwa msizitie mafuta hata kidogo. Weupe haufaidiki na kukolezwa, unageuka njano, na mafuta yanavuta vumbi ambalo kwenye nyeusi halionekani lakini kwenye nyeupe linakutangazia mtaa mzima. Hizo zipanguse kwa kitambaa kikavu tu. Fulana kuukuu ya pamba ndiyo bora kuliko vyote vya dukani, ile ya kampeni uliyokuwa unataka kuifanya dekio.